Mafungu ya Usipa Mlangoni pa Kanisa

Mimi sijui kutulia. Mama husema nilizaliwa na siafu miguuni, na Jumapili ile kanisani Namswea siafu hao walinipanda hadi kichwani. Kila padre alipovuta pumzi niligeuka kutazama mlangoni, maana nje, kwenye mkeka, mama alikuwa ameacha usipa wake.

Usipa ni dagaa wa Ziwa Nyasa. Mama, mzaliwa wa Mbamba Bay aliyeolewa huku juu kwa Wamatengo, ameupandisha mlimani tangu sijazaliwa. Kabla ya misa hupanga mafungu, kisha huingia kusali. Wanawake wa Namswea huweka mahindi kando ya fungu wanalolitaka, kwa kuwa hakuna anayebishania bei siku ya Bwana. Misa ikiisha, mama akiridhika huchukua mahindi. Asiporidhika huyaacha palepale, na mwenye mahindi huongeza.

Nafundisha historia sekondari, Mbinga mjini, na somo la biashara ya jangwani nalifundisha nikimwona yeye. Wafanyabiashara wa kaskazini walivusha chumvi jangwani kwa ngamia, wakaishusha chini, wakajitenga. Inasemekana wenye dhahabu walikuja wakaweka yao kando, bila neno. Wafalme wa Ghana ya kale, na baadaye wa Mali, walikaa katikati wakitoza kodi mizigo ipitayo, wakalisha majeshi na kuogopwa mbali, na dhahabu hawakuichimba wao. Mama naye, kwa kukaa katikati ya ziwa na mlima, alinisomesha mpaka chuo.

Ila sasa lami imefika ziwani, na magari ya samaki hupanda yenyewe. Wiki nzima nilikuwa nimemsihi asiende. Ng'o! Basi nikamfuata.

Tulipotoka misani, mafungu yalikuwa vilevile. Mahindi hayakuwapo hata punje. Wasichana walimpita wakisema "Shikamoo mama" kwa adabu, macho wakiyapeleka kwingine. Rafiki yake wa siku nyingi ndiye aliyesimama.

"Dada, utusamehe. Gari lilipita jana, tukanunua."

Nilimchukia rafiki yule. Kisha nikaichukia lami, ambayo ilipofika niliipigia vigelegele.

Mama aliketi mkekani. "Zile falme zako za chumvi ulizonisimulia," aliniuliza, "ziliishaje?"

"Kulikuwa na vita, mama. Halafu merikebu zikafika pwani, biashara ikahamia huko. Misafara ikapungua."

"Na wale waliobeba chumvi?"

Darasani sijawahi kuulizwa hilo. "Kitabu kinataja wafalme tu."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Akaanza kurudisha usipa ndooni, fungu kwa fungu. Nilipiga magoti kumsaidia, nikajikuta nalia mbele ya waumini wote, mtu mzima mimi.

"Usinililie," alisema. "Bado sijafa. Shika ndoo."