Mnyama wa Kija

Mwalimu Prudencia hafugi hata kuku, lakini ana maelfu ya wanyama wanaomkosesha raha. Wote wako mtandaoni. Wazungu fulani walitengeneza mchezo wa kufuga wanyama kwenye simu, na wapenzi wa mchezo huo wakajitengenezea tovuti yao ya kando ya kuwavalisha: unachagua mnyama, unampa jina, unamvika kofia, buti, hata mabawa ukipenda. Aliyeianzisha alipochoka, aliuliza nani ataishika. Prudencia, mchezaji tangu chuoni, akanyoosha mkono. Maji ameyavulia nguo, sasa anayaoga: senti hapati, na simu ikiita tu anajua ni lawama.

Kazi inayomlisha ni kufundisha Kiswahili shule ya msingi, Mkuyuni. Yeye ni Mhaya wa Bukoba, na utotoni alichekwa sana kwa kuchanganya r na l. Akaapa hatachanganya tena, na wanaolipia kiapo hicho ni watoto wa Kisukuma darasani kwake. Kalamu yake nyekundu haina huruma.

Jumamosi moja alikuwa nyumbani akihamisha wanyama kutoka hifadhi ya zamani ya tovuti kwenda mpya. Ya zamani ingezimwa jioni ile, na chochote kitakachobaki humo kingefutika. Nafasi mpya ilikuwa finyu, kwa hiyo aliwaacha wanyama ambao hawakubadilishwa nguo mwaka mzima. Alijiambia kwamba wenyewe wamewasahau.

Alasiri simu ikaita.

"Shikamoo, Mama Kija."

"Malahaba, mwalimu. Mnyama wa Kija simwoni. Nikifungua, simu inaniambia hayupo."

Prudencia alikaa kitako. Kija alikuwa mwanafunzi wake, mtoto mcheshi, daftari limejaa masahihisho mekundu. Mwalimu ndiye aliyemwonyesha tovuti, naye akajitengenezea mnyama kwenye simu ya mama yake. Homa ilimchukua mwaka juzi, na mama yake akarudi kwao Misungwi. Kumbe kila asubuhi kabla ya kwenda shamba mama huyo humfungua yule mnyama. Nguo hambadilishi. Anamtazama tu, kisha anashika jembe.

"Anaitwa nani, mama?"

"Fulaha."

Akaandika Furaha kwenye hifadhi ya zamani. Mashine ikajibu: hakuna. Akaandika Furaha wa Kija. Hakuna. Akajaribu kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, akaondoa nafasi, akarudisha. Hakuna.

"Una uhakika na jina, mama?"

"Mwalimu, mimi nisahau jina hilo?"

Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa ziwa. Prudencia aliogopa, tena aliogopa kweli. Mtoto wa watu alishaondoka mara moja, na sasa yeye, kwa ubahili wake wa nafasi, ndiye angemwondoa mara ya pili. Akawa anakosea hata yale maneno ya kubahatisha.

"Nisamehe, mama. Natafuta. Bado natafuta, usikate simu."

"Tulia, mwanangu," alisema Mama Kija, aliyestahili kutulizwa yeye. "Halaka halaka haina balaka."

Kwa mazoea ya darasani, Prudencia akaisahihisha methali kichwani: haraka, baraka. Kisha mikono ikamganda juu ya kompyuta. Muda wote huo mama alikuwa akimtajia jina, na yeye alikuwa akilisahihisha.

Akaandika Fulaha.

Kikatokea kinyama cha bluu chenye masikio marefu, kimevaa buti nyekundu za mvua na kilemba cha njano kilichofungwa upande.

"Ana kilemba cha njano, mama?"

"Hicho ni changu," Mama Kija alisema, na sauti ikamkatika. "Alimfunga kama ninavyofunga mimi nikienda sokoni."

Prudencia naye alikuwa akilia, lakini kazi ilikuwa haijaisha. Kumhamisha mnyama mmoja mmoja kulitaka jina liandikwe upya. Akaliandika mbio mbio, kidole kikaenda kwenye kitufe cha kuhifadhi, akatazama alichoandika, akasita.

"Mwalimu? Mbona umenyamaza? Amepotea tena?"

Prudencia akaifuta r, akaandika l, akahifadhi.

"Hapana, mama. Yupo. Nilitaka kulikosea jina."