Kupanga Majina kwa Chungu

Nilikuwa na majivuno, na sioni sababu ya kuyaficha. Miaka ile ambayo watu wa ng'ambo ya ziwa walikuwa wakikimbia vita na kushuka kwetu kwa maboti, mimi ndiye niliyekuwa mtu pekee ofisini anayejua kutengeneza programu ya kompyuta. Nilikuwa nimetoka kusoma Dar es Salaam, nimerudi kwetu Kasingirima, pale Ujiji, na cheti na mdomo, na shirika moja la misaada likaniajiri kabla mama hajamaliza kuniuliza nitaolewa lini.

Ofisi yetu ilikuwa banda la zamani la mizigo, jirani na bandari ya Kigoma. Lilinuka dagaa, na halikuacha kunuka hata tulipolipiga deki kwa dawa. Kazi yenyewe ilieleweka: watu wakishuka ufukweni karani anawaandika, wanakaa kituo cha mapokezi siku chache, kisha mabasi yanawapeleka kambini. Kambi zilikuwa mbili. Mpaka Kidahwe safari ni moja. Hapo barabara inagawanyika, basi la kambi moja linashika njia ya Kasulu, la kambi nyingine linashika ya Uvinza. Ukiachana na mtu wako Kidahwe, kumpata tena ni kwa barua na dua, na barua zenyewe zilikuwa za kusubiri mpaka ukate tamaa.

Programu yangu ilikuwa ya madirisha. Tulikuwa tumeshaachana na ile skrini nyeusi ya kuandika amri. Ulipewa seti ya vifaa vilivyokwisha kutengenezwa, kitufe, kisanduku cha kuandikia, orodha, nawe unavipanga kwenye dirisha kama mtu anayepanga makochi sebuleni. Mimi nilikipenda kile cha orodha kuliko vyote. Majina yanashuka mstari kwa mstari, unabonyeza moja, habari za mwenyewe zinafunguka pembeni. Ila majina yalikaa kwa mfuatano ule ule tulioyaingiza, na siku ambayo maboti yameshuka mengi hakuna aliyemwona mtu wake.

"Dada, macho yananiuma," bosi wangu aliniambia. "Namtafuta mtu mmoja mpaka chai inapoa. Hebu ipange hii kwa alfabeti."

Bosi alikuwa mtu wa kuja, mwungwana, ila haraka yake ilifika kila mahali kabla yake. Na alichoomba hakikuwa kazi. Kifaa cha orodha kilikuja na uwezo huo tangu kilipotengenezwa: kwenye sifa zake kuna mahali pa kukiambia kijipange, unaweka tiki, majina yanajipanga yenyewe. Lakini mimi na ujuaji wangu nikaona tiki haitoshi. Kupanga kwa jina la kwanza kutawatawanya ndugu, nikajiambia. Kwetu Ujiji mtoto ana jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Basi nikayageuza majina, la mwisho likatangulia, ndipo nikaweka tiki, ili wenye babu mmoja wakae pamoja.

Nikaijaribu kwa majina ya majirani zetu wa Kasingirima. Walikaa nyumba kwa nyumba, kama wanaosubiri pilau siku ya Idi. Nilimwita bosi aje aone. Akaona, akafurahi, kesho yake akaitumia kwa wageni waliokuwapo kituoni. Alitoa karatasi kwenye printa akaigawa katikati: nusu ya juu Kasulu, nusu ya chini Uvinza.

Asubuhi ya safari nilikuwa nimeshika chapati yangu ninasikia mabasi yakinguruma nje, moyo mweupe kabisa. Ndipo nikasikia zogo.

Nilipotoka nilimkuta mama mmoja amesimama mlangoni pa basi la kwanza. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na mvulana amening'inia kwenye kitenge chake. Mtoto wake wa tatu, msichana wa kama miaka saba, alikuwa ameshikwa mkono na mlinzi aliyetaka kumpeleka basi la pili. Mama naye alikuwa ameushika mkono wa pili wa mtoto. Hakupiga kelele. Alikuwa ameushika tu, na ungemtazama usoni ungejua kwamba hauachii.

"Mama, karatasi inasema huyu anakwenda kwingine," bosi alimweleza kwa upole. "Wewe jina lako hili hapa juu, yeye yuko chini kabisa. Jina lake halifanani na lako, wala halifanani na la huyu kaka yake. Sasa nitajuaje kama ni wako? Tumeshaonywa, wako watu wanaochukua watoto wasio wao."

"Mutoto ni wangu," mama akasema. "Jina ni yake."

Hapo nikaelewa, nikaishusha chapati. Kwao mtoto habebi jina la babake kama mkia. Kila mmoja hupewa lake mwenyewe, huyu la bibi aliyetangulia, huyu la shida iliyokuwapo nyumbani siku aliyozaliwa, yule la jirani aliyemsaidia mama wakati wa uchungu. Watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina ambayo hayajuani kabisa. Na wala si mambo ya ng'ambo peke yake. Nilisoma darasa moja na Waha wawili wa kijiji cha Mwamgongo, ndugu wa baba na mama, na majina yao yalikuwa mbalimbali, na miaka yote ile hatukushangaa. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta nilidhani ulimwengu mzima umezaliwa Ujiji.

"Bosi, mtoto ni wake," nikasema. "Aliyemtoa kwa mama yake ni orodha yetu."

Nilimweleza haraka haraka. Wakati naeleza, mzee mmoja akasogea, akatuambia kwamba mkewe yuko basi la pili. Kisha kijana mmoja akasema dada zake wako kule. Walikuwa wamenyamaza tangu alfajiri wakidhani ndivyo serikali ilivyopanga. Nilipolisikia hilo nilitaka ardhi inimeze.

Bosi alitazama saa. "Msafara unaondoka saa sita na askari wa kusindikiza hawamsubiri mtu. Ukiwahi, tunabadilisha. Usipowahi, wanakwenda hivi hivi, watatafutana huko huko."

"Watatafutana na nani?" nikamjibu, nikaingia ndani bila kungoja jibu. Nilikuwa na hasira, na zaidi ya nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Sasa, ile tiki ya kupanga inajua alfabeti tu. Ukitaka mpango mwingine, unaiondoa, unaandika kipande chako cha kulinganisha. Orodha inakuletea watu wawili wawili na kukuuliza swali moja: kati ya hawa, nani atangulie? Unajibu, inakuletea wengine wawili, mpaka wote wamepata nafasi zao. Nilipoketi nikabaki nimeitolea macho skrini. Nani atangulie? Mpaka siku ile sikuwahi kuona kwamba lile ni swali juu ya watu.

Jibu lilikuwa ndani ya programu muda wote. Kila aliyeshuka ufukweni aliulizwa na karani, "Unakula chungu kimoja na nani?" kwa sababu unga uligawiwa kwa chungu, na kila chungu kilipewa namba. Namba ile niliihifadhi lakini sikuionyesha kwenye orodha, niliona inaharibu sura ya dirisha langu. Basi nikaandika: wa chungu kimoja wakae pamoja, na ndani ya chungu mkubwa amtangulie mdogo. Nikabonyeza. Majina yakaruka, yakatulia.

Chungu cha kumi kilikuja kabla ya cha pili, kwa sababu zile namba niliziingiza kama maneno, na kompyuta ikizisoma kama maneno inaanza na tarakimu ya mwanzo: moja ya kumi inaitangulia mbili. Siku nyingine ningenuna. Siku ile nikaona haimtengi mtoto na mama yake, nikaiacha.

Nikamtafuta yule mama. Huyu hapa. Chini yake msichana, chini yake mvulana, chini yake mchanga, wanne kwa mfuatano. Nilicheka peke yangu na machozi yakanitoka, na sikuyafuta. Printa ikaanza kulia krii krii, nikachana karatasi nikakimbia nayo nje.

Bosi akaikunja katikati kama kawaida yake. Nikaangalia ule mkunjo, nikapiga ukelele hadi wachuuzi wa dagaa wakageuka. Mkunjo ulikuwa umepita katikati ya chungu cha yule mama! Yeye na msichana juu, mvulana na mchanga chini.

"Bosi, shusha mstari!"

"Nikishusha, basi la kwanza linazidi."

Dereva wa basi hilo, Muha mmoja mwenye kofia ya sufu, alikuwa ameegemea bodi akitusikiliza. Akamgeukia mama. "Mwakeye, mama," akamsalimu. Kisha akamwambia bosi, "Haka katoto na haka kengine tutakapakata, mkubwa. Mimi sijawahi kuacha abiria kwa ajili ya katoto."

Bosi akatoa kalamu, akachora mstari mpya chini ya jina la mchanga. Nikakaa juu ya gunia la unga hapo hapo uani, na sikujali vumbi lake jeupe kwenye sketi yangu ya ofisini. Kabla ya saa sita tulikuwa tumepitia chungu kimoja kimoja, na mzee alikuwa amepata mkewe, na kijana dada zake.

Mlinzi akaanza kuita kwa karatasi mpya. Anayeitwa anajibu "niko," anapanda. Wakapanda, wakapanda. Akaita jina la yule mama.

Kimya.

Mama alikuwa amesimama hapo hapo mbele yetu, anamtazama mlinzi mdomoni. Mlinzi akaita la msichana. Kimya. Bosi akanigeukia, nami nikainuka kwenye gunia. Akaita la mvulana. Mama hakutikisika, na vidole vyake vilikuwa vimefungana na vya watoto wote wawili. Mlinzi akakohoa, akaita la mwisho, la yule mchanga aliyelala mgongoni.

"Tuko," mama akasema, na ndipo akanyanyua mguu kupanda.