Ligi Iliyomchosha Jaribu

Ukimwuliza Jaribu Mgeni kazi yake, atakwambia ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha, na ni kweli, karakana yake iko Chake Chake na wateja hawamkauki. Lakini kinachomzeesha si chuma. Chuma, husema mwenyewe, ukikikata hakikujibu. Kinachomzeesha ni ligi ya pool, ambayo hakuna aliyemtuma kuianzisha, hakuna anayemlipa kuiendesha, wala hakuna hata mmoja aliye radhi kumpokea mzigo.

Mama yake alimpa jina hilo baada ya kuzika watoto wawili waliomtangulia. Akasema basi tujaribu na huyu. Mkewe, Bimkubwa, hudai kwamba mama mkwe aliona mbali, kwani huyu mume wake maisha yake yote ni kujaribu, na bado hajafaulu. Humwambia hivyo akimtilia chai.

Ilianza na meza moja. Marehemu Mzee Talib aliinunua Unguja, kwenye hoteli iliyokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani, akaiweka kwenye ukumbi wa mbele wa nyumba yake. Haikupita wiki vijana wa mtaa wakajaa, na wazee wakaja juu. Kwao pool ni mchezo wa wahuni, na pale walipo wahuni kamari haiko mbali. Sheha wa shehia ile, Mzee Ame, mkubwa wa serikali pale mtaani, alitaka meza iondoke. Jaribu, aliyekuwa kijana mwenye ulimi mwepesi, ndiye aliyekwenda kumbembeleza, na alitoka na masharti mawili. Pesa isionekane juu ya meza ile. Na adhana ikilia, fimbo chini, mipira ibaki pale pale ilipo, watu waende msikitini, na wakirudi waendelee walipoachia.

Sharti la adhana ndilo lililoipa pool heshima. Akina mama waliokuwa wakiwazuia watoto wao walianza kusema, bora wakacheze kwa Mzee Talib, angalau huko wanaswali. Heshima ikaleta watu, na watu wakaleta balaa.

Maana ilipopata jina la ligi, kila mji ulitaka kuingia, na kila mji ulikuja na sheria zake. Wesha, wapakuzi wa bandarini, walisema mpira mweupe ukizama mwenzako apewe mapigo mawili. Wingwi wakasema mawili ni dhuluma, apewe moja. Jaribu aliwakalisha kikao Ramadhani nzima mpaka wakasikilizana, na Iddi ilipokwisha kila mtu alikuwa kasahau alichokubali. Kisiwa Panza nao walinunua meza, wakaivusha kwa mashua, mguu mmoja ukatumbukia baharini. Wakaweka jiwe badala yake. Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyewahi kushinda Kisiwa Panza, kwa sababu mipira yote huelekea upande wa jiwe na wenyeji peke yao ndio wanaojua kwa kiasi gani. Jaribu aliwaandama watafute mguu. Waliitikia vizuri sana, kama watu wanavyomwitikia mgeni anayeondoka. Huko Wingwi, mbuzi aliingia ukumbini akala chaki zote za kupakia ncha za fimbo, mechi ikaahirishwa, na aliyelaumiwa ni Jaribu, kwamba katibu gani huyu asiye na chaki za akiba.

Hayo yote aliyameza. Lakini msimu uliopita, kwenye nusu fainali, wachezaji wawili walipigana kwa ngumi na fimbo hadi mmoja akashonwa kwenye paji la uso. Mzee Ame, aliyekuwa bado sheha na sasa ndevu zote nyeupe, alimwita Jaribu nyumbani.

"Ngumi nyengine moja tu, Jaribu," alimwambia. "Moja. Meza inatoka kwenye shehia yangu, na hiyo ligi yenu mukaichezee baharini."

Jaribu alijua kwamba masheha wengine wanamtazama Mzee Ame. Akifunga yeye watafunga wote, na kitu alichokilea tangu ndevu hazijamtoka kitakufa kwa ngumi ya mtu mmoja asiye na subira. Basi siku ya fainali ya msimu huu, Wesha na Wingwi, yeye mwenyewe akiwa mwamuzi, hakuomba mchezo mzuri. Aliomba amani tu.

Fainali hupigwa kwenye meza ile ile ya kwanza, kwa Bi Mwanakhamis, mjane wa Mzee Talib. Ilipangwa ianze mara baada ya Alasiri ili imalizike jua lingalipo. Wingwi walichelewa kwa pancha ya pikipiki. Walipofika hawakutaka kucheza kwanza. Mmoja wao ni fundi mwashi, akatoa pima maji mfukoni, akaiweka juu ya meza, akatangaza kwamba meza imeinama upande wa Wesha. Jaribu akamwuliza, kwa upole uliomgharimu, meza inawezaje kuinama upande wa Wesha na Wesha iko maili kadhaa kutoka hapo. Wakachomeka kipande cha boksi chini ya mguu. Wesha wakagoma, wakasema wao wamejifunza kwenye meza iliyoinama. Boksi likatolewa, likarudishwa, likakunjwa nusu. Jaribu alisimama katikati na ile nusu boksi mkononi. Watu wazima hawa, wengine wana wajukuu.

Ndiyo maana Magharibi iliwakuta bado wanacheza. Tena iliwakuta mahali pabaya kuliko pote. Walikuwa sare, na mchezo uliobaki ulikuwa wa mwisho. Suhaib wa Wesha, kijana mrefu asiyezungumza sana, alikuwa amemaliza mipira yake yote na kubakiwa na mweusi tu, ule wa kumalizia, na zamu ilikuwa yake. Hamdan wa Wingwi, mvuvi wa makamo, alikuwa bado na mitatu. Suhaib aliinama, akavuta fimbo nyuma, na hapo mwadhini akaanza.

Suhaib alisimama wima, akaiweka fimbo chini. Jaribu alimpenda kwa hilo. Watu walitoka kutia udhu kwenye ndoo zilizokuwa uani, na Jaribu, kama kawaida yake, alikuwa wa mwisho, anahakikisha hakuna anayebaki na meza. Alikuwa anaosha mguu wa kushoto aliposikia sauti ya Bi Mwanakhamis nyuma ya pazia.

"Jaribu mwanangu, tayari?"

"Tayari, bi," alijibu, akawafuata wenziwe msikitini.

Sasa, Bi Mwanakhamis alilelewa na bibi yake huko huko Wingwi, na bibi yule alimfunza kwamba Magharibi isikute vitu vimezagaa. Nguo zianuliwe, watoto waingizwe ndani, vyombo vifunikwe. Miaka yote hiyo michezo ya ligi ilikuwa ikimalizika kabla ya jua kuzama, na yeye ndiye aliyekuwa akiipanga meza vijana wakishaondoka. Kwa hiyo alitoka, akaikusanya mipira yote, akaitia kwenye pembetatu ya kupangia, rangi kwa rangi, vizuri kabisa, akaifunika kwa kanga yake moja safi, akaenda kuswali.

Waliporudi waliikuta kanga. Jaribu aliifunua mwenyewe, na chini yake mipira ilikuwa imepangwa yote, kama mchezo haujaanza.

Kelele zilianza kwa watu wa Wesha. Walisema mpira mweusi ulikuwa mdomoni mwa shimo na hata mtoto angeuingiza, kwa hiyo ushindi ni wao na wapewe kikombe chao waende. Wingwi wakasema hakuna ushindi wa kudhania, mipira imepangwa, mchezo uanze upya. Mmoja wa Wesha akasema hii imetengenezwa. Mwengine akauliza kwa sauti Bi Mwanakhamis kwao ni wapi. Wingwi. Neno lile likazunguka ukumbi mzima. Fundi mwashi akauliza kwa nini anatajwa mwanamke mzima namna ile, akamsukuma kifuani aliyemtaja, na yule akashika fimbo.

Bi Mwanakhamis alikuwa amesimama mlangoni na ushungi wake wa swala. Alikuwa amesikia yote. Alimtazama Jaribu, mara moja tu, kisha akashusha macho.

"Nimekosea mie," alisema. "Mie ntu nzima, macho hayaoni. Nisameheni wanangu."

Hakulitaja lile neno tayari. Hakusema kwamba aliuliza, wala kwamba kuna mtu alimjibu. Jaribu alielewa pale pale kwamba mwanamke yule anaubeba mzigo wake mbele ya watu waliokuwa wakimshuku hila, na aliona haya. Angeweza kunyamaza. Akisema, nani atamsikiliza tena, mwamuzi aliyeivuruga fainali yake mwenyewe kwa neno moja? Miaka yote amewakaripia watu hawa kwa makosa yao, na kosa kubwa kuliko yote limekuja kutoka mdomoni mwake, wakati anaosha mguu.

"Bi Mwanakhamis hajakosa," alisema, kwa sauti iliyomtoka kali zaidi ya alivyotaka. "Kaniuliza tayari, nami nikamjibu tayari. Yeye kauliza mchezo, mie nimejibu udhu. Mwenye kosa ni mie mwamuzi wenu. Mkitaka kumpiga ntu, fimbo mnazo."

Alingoja wacheke, au wamzomee, au mmoja wao aseme lile alilokuwa akiliogopa, kwamba basi ligi ivunjwe. Badala yake Hamdan wa Wingwi, ambaye mchezo ukianza upya ndiye wa kufaidika kuliko wote, alisogea mezani akaiondoa ile pembetatu.

"Mie udhu wangu haujatenguka," alisema. "Siwezi kusimama hapa nikasema sijui mipira ilikuwa wapi. Naijua."

Akaanza kuirudisha. Mitatu yake aliiweka mbali mbali, mahali pagumu. Mweupe akauweka katikati. Kisha akauchukua mweusi, akauweka ukingoni kabisa mwa shimo la kona, kiasi kwamba ungeupulizia ungezama. Watu wa Wingwi waliguna lakini hakuna aliyemzuia.

Jaribu alishusha pumzi. Alidhani yamekwisha. Hakumjua Suhaib.

Suhaib aliuangalia mpira mweusi, akaunyanyua, akaurudisha nyuma shibiri nzima. Alisema haukuwa karibu vile, na mweupe pia ulikuwa umezibwa kidogo. Hamdan akausogeza tena shimoni, akasema yeye ana macho yake na haukuzibwa na kitu. Suhaib akasema hataki kikombe cha kuonewa huruma na watu wa Wingwi. Hamdan akamwuliza nani kamwonea huruma, na kama anamfanya yeye mwongo baada ya swala, aseme wazi. Sauti zilipanda. Wesha walianza kumtetea Hamdan, Wingwi wakamtetea Suhaib, na yule fundi mwashi, astaghfirullah, akatoa tena pima maji.

Hapo ndipo Mzee Ame alipotokea mlangoni, kavutwa na kelele, uso umekunjamana.

"Nani kandhulumu mwenziwe?" aliuliza.

Wote walimgeukia Jaribu, kama wanavyomgeukia siku zote kukiwa na la kujibiwa.

"Hakuna, mzee," alisema Jaribu. Alikuwa amechoka hata kusimama. "Wanagombana kwa sababu hakuna anayetaka kumdhulumu mwenziwe."

Sheha alikuwa amefunga vilabu, amesuluhisha mipaka ya mashamba na ndoa za watu, lakini kesi ya namna ile haikuwahi kumfikia. Aliingia ndani, akatafuta kiti, akakaa.

Jaribu aliwatazama wote wawili, Hamdan na mkono wake juu ya mpira, Suhaib na wake juu ya mkono wa Hamdan. Miaka yote aliwaomba watu hawa wasidhulumiane, kwa kubembeleza, kwa kufoka, kwa vikao visivyo na mwisho. Hatimaye wamemsikia, na wamemchosha vile vile. Aliwatoa mikono wote wawili bila adabu yoyote, akauchukua mpira mweusi, akauweka katikati ya madai yao.

"Piga," alimwambia Suhaib.

Akatoka nje asitazame. Alivua viatu kizingitini bila kujua kwa nini, akakaa chini, na alipopangusa uso aliona mkono umelowa, jambo lililomkasirisha zaidi. Kisha akasikia mpira ukigonga mpira, na baada yake kelele za watu wote kwa pamoja, Wesha na Wingwi, na sauti kavu ya sheha ikiwemo. Alizitegea sikio ajue zinatoka upande gani, akashindwa. Akabaki pale pale, viatu mkononi, hamjui bingwa wa ligi yake mwenyewe.