Mgonjwa Aliyesindikiza Wageni

Yustina Kapinga alizaliwa Umatengo, huko Mbinga, ambako mtoto akitumwa chumvi anapanda mlima, na akirudi nayo anapanda mwingine. Akaolewa, akaletwa Dar es Salaam, akashushwa Mbagala, mahali ambapo nchi imelala chali. Miaka ya mwanzo alikuwa akilalamika kwamba miguu inamuwasha. Mumewe Fransis, fundi wa vitanda, mtu wa Mbinga vilevile ila mvivu wa kutembea, alidhani ni mbu.

Kisha wakajenga nyumba yao upande wa bonde la Mto Mzinga. Siku ya kuhamia, vyombo vikiwa bado kwenye mkokoteni, Yustina akaona barabara ya vumbi inayopanda kutoka bondeni, kali, yenye makorongo, ambayo waendesha bodaboda wakiifikia huwaomba abiria wateremke watembee. Akasimama kuitazama kama mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni. Fransis alimwita mara mbili aje kupokea kabati, hakusikia.

Sasa amevuka hamsini. Ni fundi cherehani, ana wajukuu Songea, na ndiye kiongozi wa nyimbo wa Bondeni Jogingi, klabu ya majirani wanaovaa fulana za njano ambao kila Jumapili alfajiri huwaamsha waliolala na waliojifanya wamelala. Kwenye tambarare Yustina ni mkimbiaji wa kawaida, tena mzito kidogo. Mlima ukianza ndipo utamtambua. Wenzake wanapohema kwa mdomo, yeye ndipo anapoinua sauti, na klabu nzima inapanda kwa kuufuata wimbo wake. Raha anayoipata pale haina maelezo, na mimi sitajaribu kuieleza.

Ila mwili nao una ukaidi wake. Mara ya kwanza alikanyaga korongo, kifundo cha mguu wa kulia kikateguka. Jirani yake Mwanabaraka, anayesifika kwa kuchua, akaja na beseni la maji ya moto na dawa yenye harufu ya kufukuza mafua ya mtaa mzima. Huku kwetu mguu uliovimba usipochuliwa mpaka mgonjwa atoe machozi, watu wanaona haujatibiwa. Mwanabaraka alichua kwa upendo wote, uvimbe ukazidi, lakini ile dawa iliwaka hata maumivu yakajificha. Yustina akadhani amepona. Jumapili iliyofuata alikuwa mlimani.

Baada ya hapo ikawa mtindo. Kifundo kilipotulia, ukaja msuli wa nyuma ya paja. Paja lilipotulia, kifundo kikarudi. Na kila mara akiulizwa alijibu kwamba amekaa vibaya tu. Fransis hakuhitaji kuuliza. Cherehani ya mkewe ilikuwa ya kukanyaga, na yeye, akiwa uani anapiga randa, aliisikia inavyokwenda. Mlio ukianza kukatikakatika, alijua mguu umeharibika tena. Alinuna siku nzima, kisha akamfungia mota kwenye ile cherehani bila kumwambia neno, ili mguu wa kulia upumzike. Yustina alimshukuru sana, akautumia mguu uliopumzika kupanda mlima.

Mara ya tatu alishindwa hata kuvaa kandambili. Fransis akampeleka hospitali, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa Kinyakyusa aitwaye Bupe, mpole wa sura, asiyedanganyika.

"Shikamoo mama. Umewahi kuupumzisha huu mguu?"

"Marahaba mwanangu. Naupumzishaga sana."

"Muongo," alisema Fransis.

Bupe akaubonyeza taratibu, akamweleza kwamba kano za kifundo zimelegea kwa kuumia juu ya maumivu. Hakuna kuchua, hakuna maji ya moto, hakuna mlima. Atafanya mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, kila siku, nyumbani, mpaka atakapoambiwa basi. Yustina aliitikia kila kitu kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Safari hii, nampa haki yake, alikuwa amekusudia kutii.

Lakini Bondeni Jogingi wana utaratibu wao. Mwanachama akiugua, klabu humwendea Jumapili, kwa mbio, kwa nyimbo, na sukari na machungwa mkononi. Basi wakaja, fulana za njano zikajaa uani mpaka kuku wakahama. Mwenyekiti Khalfani, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, akatoa salamu. Wakanywa chai ya tangawizi. Wakamsifu Yustina hadi akaona haya. Kisha wakaaga.

Na mgeni akiaga, utamwachaje aondoke peke yake? Yustina amefunzwa tangu mdogo kwamba mgeni husindikizwa, angalau mpaka njia panda, na anayebaki ndani wageni wakiondoka ni mtu asiye na adabu. Akafunga kanga kiunoni, akachechemea nao mpaka getini. Hapo ndipo wale wageni, kwa kuwa walikuja kwa mbio, wakaondoka kwa mbio. Na yeye, kwa kuwa alikuwa anawasindikiza, akakimbia nao. Wakakunja kona. Mlima ukaonekana. Mtu fulani akaanza wimbo vibaya, Yustina akausahihisha, na kabla hajajua analofanya alikuwa mbele, kanga inapepea, anawasindikiza wageni wake mlimani.

Alianguka katikati. Khalfani na wenzake wanne walimrudisha wamembeba, safari hii hakuna aliyeimba. Fransis alikuwa amesimama getini na kikombe cha chai mkononi.

"Nilikuwa nawasindikiza tu, Baba Benja," alisema Yustina.

Fransis hakugomba. Aliingia ndani akakaa kitandani, na Yustina alipoingizwa akaona macho ya mumewe yamelowa. Hilo lilimuuma kuliko kifundo. Miaka yote ile alikuwa akihesabu kwamba anayeumia ni yeye peke yake.

Kwa Bupe walikwenda kesho yake. Binti aliubonyeza tena mguu, akauweka chini taratibu.

"Mama, nikufiche?"

"Usinifiche."

"Bado kuna nafasi. Lakini kikijirudia hiki, mlima usahau. Na kutembea utatembelea fimbo."

Ikaingia masika. Bonde lilijaa matope, na Yustina alisimama kwa mguu mmoja jikoni, ameshika ukingo wa meza, akitetemeka, akilaani kwa Kimatengo. Mwanabaraka alipita na beseni lake, akarudishwa getini na Fransis kwa heshima zote, akaenda akiwa ameudhika. Kila Jumapili sauti za klabu zilipita nyuma ya nyumba. Waliimba ovyo. Yustina alijifunika shuka kichwani asisikie, kisha akaifunua kidogo ili asikie.

Mvua zilipokwisha, Khalfani akatuma ujumbe kwamba klabu itakuja tena kumjulia hali. Fransis akampigia simu.

"Braza, mkija mtamuua."

"Shemeji, mgonjwa tusipomwona, tutakuwa watu gani?"

Fransis akakata simu, akaenda kununua tangawizi.

Wakaja mwezi wa saba, asubuhi ya baridi, wakitembea kwa adabu kama watu wanaokwenda kwenye maziko. Walikunywa chai. Walitaniana. Khalfani akasimulia jinsi nyimbo zilivyowashinda, na kwamba kuna siku walifika juu kila mtu na wimbo wake. Yustina alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kikapita kile kimya cha wageni wanaotaka kuondoka. Wakatazamana.

"Basi, Mama Benja," alisema Khalfani, "sie tukuache."

Yustina aliinuka. Hakukusudia, miguu yenyewe iliinuka. Alisimama kibarazani, mkono kwenye nguzo, na kila kiungo cha mwili kilikuwa kinavuta kuelekea getini. Aliona aibu ya kuwaacha watu wake waende hivihivi. Aliona pia, waziwazi kabisa, kwamba akiteremka ile ngazi hatasimama tena hadi mlimani. Hakuwa na uhakika kama angeweza kujizuia. Akamtazama mumewe, na nadhani ndiyo mara ya kwanza katika ndoa yao kumwomba msaada.

Fransis akaweka kikombe chini. Akapandisha suruali juu ya kitambi.

"Kaa wewe," alisema. "Leo nasindikiza mie."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Akatoka nao getini akiwa na kandambili, wakaanza kukimbia, naye akakimbia, mtu ambaye hata mvua ikimkuta njiani hutembea. Wakakunja kona. Yustina alidhani atarudi hapohapo. Hakurudi. Zikasikika sauti zinapanda, zimepinda vibaya, na katikati yake sauti nzito ya Fransis, isiyojua hata wimbo wenyewe, inaitikia mahali pasipotakiwa kuitikiwa.

Yustina akakaa. Mguu ulimdunda, akauacha udunde.

Fransis alirudi kwa bodaboda. Aliteremka getini kandambili zikiwa mkononi, fulana imegandana na mgongo, akaja akajitupa kwenye mkeka karibu na mkewe. Muda mrefu alihema tu.

"Nimefika," alisema mwishowe.

"Juu kabisa?"

"Juu kabisa. Nilipumzika, nikapanda, nikapumzika. Wamenisubiri." Akafuta uso kwa kiganja. "Mama Benja, kumbe kule juu pana upepo wa kwetu. Miaka yote hii hukuniambia."

"Nilikwambia. Ulisema ni mbu."

Fransis akacheka, akakohoa, akacheka tena. Kila mtu aliyekuja nyumbani kwao tangu masika alimwambia Yustina apone upesi, arudi upesi. Fransis akamshika kifundo kwa vidole vyake vya useremala, polepole, bila kuchua.

"Wewe pona taratibu," alisema. "Mie nitakungoja, tupande wote."

Na Yustina, aliyebebwa mlimani kwa mikono ya watu watano bila kutoa chozi, akalia mbele ya kuku.