Barua ya Mzee Mutua

Nakumbuka Jumapili moja asubuhi, miaka ya tisini, mwanangu, nikiwa msichana wa kushona nguo mtaa wa Kawangware na kulala mtaa wa Gatwekera. Wiki hiyo gazeti fulani lilikuwa limenirudishia hadithi yangu ya tatu, na pembeni mhariri ameandika neno moja tu: "Haifai." Nikayafunga madaftari yangu yote kwa kamba, nikayasukuma chini ya kitanda na kuapa sitashika kalamu tena. Ujana una haraka ya kuapa.

Basi akaja jirani yangu Mzee Mutua, fundi seremala kutoka Kitui. Alikuwa amekosana na binti yake kwa sababu ya ndoa, na miaka minne hawakuwa wamesemezana. Alitaka nimwandikie binti huyo barua, maana yeye hakusoma. Nikamwambia atafute mtu mwingine, mimi si mwandishi.

"Sijakuuliza kama wewe ni mwandishi," akasema. "Nimekuuliza kama utaniandikia."

Niliona haya, nikachukua karatasi. Lakini kwa kutaka kujionyesha, nikayapamba maneno yake kwa misemo mizito. Nilipomsomea, akatikisa kichwa.

"Hapo ni wewe unaongea. Msichana wangu hatanijua."

Tuliandika mara tatu, mpaka yakabaki maneno yake mwenyewe: nilikosea, mama, kuja nyumbani.

Mwezi haukuisha. Nilitoka kazini nikamkuta mzee ameketi mlangoni pake, amempakata mjukuu ambaye hakuwahi kumwona, machozi yanamtiririka tu. Binti yake akanishika mkono, akaniambia kwamba alipoisoma ile barua alimsikia baba yake. Nikaingia ndani, nikayafungua madaftari.

Shaka haikuniacha, mwanangu. Nimeandika vitabu, na bado kwenye kila ukurasa mtupu shaka hiyo inanipigia hodi. Ila kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ikikujia wewe, usikae kujipima kama u mwandishi au la. Jiulize ni nani anayengoja neno lako, umwandikie huyo kwa ukweli, na usione uchungu kufuta. Hata yule mhariri namshukuru. Hadithi ile kweli haikufaa.

Mzee Mutua ametangulia mbele ya haki. Mungu akujalie mkono usiochoka, mwanangu, na mtu wa kukuambia ukweli kama alivyonijalia mimi.