Firigisi ya Mama

Baba alipofariki, mama yangu aliacha kula. Hakugoma. Aliketi mezani vizuri, akaomba baraka, akamega tonge moja la ugali, halafu akasema ameshiba. Miezi minne baada ya mazishi, leso yake ilikuwa inamzunguka mara mbili. Nikaenda Bungoma nikamtoa pale nyumbani karibu kwa nguvu, nikamleta kwangu Kitale ninakofanya kazi ya ofisi. Mimi ndiye kifungua mimba, na hasira zangu haziko mbali. Nilimwambia kama chakula changu hakimfai, nitamzungusha kila hoteli ya mji huu mpaka apate moja ya kumfaa.

"Wewe na mdomo wako," akasema. Lakini akavaa viatu.

Ikawa kazi yetu ya kila Jumamosi mchana. Tulianza na hoteli moja karibu na soko, ya mama ambaye wazazi wake walikuja huku Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati. Akatuletea mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja na mboga. Mama yangu akala vijiko viwili, akausifu, kisha akatumia saa nzima kuuliza ile rangi ya kijani inatoka kwa majani gani. Sahani ikabaki imejaa. Wiki iliyofuata tukala samaki wa Turkana. Alichambua miiba yote kwa subira, akapanga ile nyama nyeupe kwenye sahani yangu mimi.

"Mama, mimi si mtoto, bana!"

"Najua. Lakini hii mikono haijui."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Jumamosi ya tatu ndiyo niliyoharibu. Niliagiza kuku mzima wa kienyeji. Sasa, kwetu Bungoma kuku ana sheria zake, na ya kwanza ni kwamba firigisi ni ya mwenye nyumba. Mama alimpikia baba kuku miaka arobaini, na kila mara firigisi ilikaa juu ya mchuzi upande wa baba. Sisi watoto tuliiangalia tu tukimeza mate. Weita alipouliza firigisi aiweke wapi, mimi na ujuaji wangu nikamwonyesha mama. Nilidhani namheshimu.

Mama aliiangalia ile firigisi. Akaifunika kwa kipande cha ugali, polepole, akasukuma kiti nyuma.

"Nipeleke nyumbani."

Ewe Mola! Nilijilaani njia nzima. Nilikuwa nimemwambia mjane, mbele ya watu, kwamba mwenye nyumba hayupo tena. Maji yakimwagika hayazoleki. Kwa wiki mbili alikunywa chai tu, na mimi nilianza kuogopa kweli. Nilikuwa nimeshamzika mmoja mwaka ule. Nilijifungia bafuni nikalia na bomba limefunguliwa.

Nikaona heri nimpeleke mahali ambapo baba hakuwahi hata kupawazia. Kulikuwa na baa mpya ya kokteli juu ya ghorofa moja pale mjini, mchana haina watu, imejaa maua ya vyungu. Ngazini mama alivua kitambaa cha umoja wa akina mama wa kanisa, akakikunja akakitia mkobani.

"Mungu ananiona, hiyo ni sawa," akasema. "Mwenyekiti wetu ndiye asinione."

Msichana wa kaunta, mwenye kucha nyekundu ndefu, akamuuliza kwa adabu, kama anayemuuliza nyanya yake, "Shosho, unapenda kunywa nini?"

"Mimi? Chai."

Msichana hakushindwa. Akachukua chai baridi, juisi ya pasheni, tangawizi na ndimu, bila tone la pombe, akavitikisa kwenye kikopo cha chuma mpaka mama akashika masikio. Akamimina kwenye glasi iliyopakwa sukari ukingoni, juu akachomeka mnanaa.

"Ati majani? Kwani mimi ni mbuzi?"

Lakini akalamba sukari. Akazungusha glasi, akalamba ukingo wote mpaka ukaisha, ndipo akanywa. Akanywa yote. Halafu akaanza kucheka, mabega yakimtikisika.

"Baba yako angeniona hapa, angesema nimepotea kabisa." Alikuwa hajamtaja tangu mazishi. Akapangusa macho, akatazama nje dirishani. "Nasikia njaa. Nataka kuku. Lakini si wa huku. Twende Bungoma."

Tulienda siku iyo hiyo. Alichagua mwenyewe hoteli, kibanda cha mabati nyuma ya soko, chenye benchi na sufuria zilizokaa juu ya kuni. Akaagiza mwenyewe kuku, ugali na mboga ya mrenda. Sinia lilipofika sikufungua mdomo, kwa mara ya kwanza maishani. Mama akanawa, akapekua kwenye mchuzi kwa vidole, akaitoa firigisi, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Mama, hapana. Mimi ni msichana, na hii ni ya—"

"Nani amenitoa kwa kitanda? Nani ananizungusha kila mahali kama bibi harusi? Kula."

Nikaichukua. Nilipoifikisha mdomoni, mama akakohoa kidogo.

"Na yangu?"

Nikamnyoshea yote.

"Baba yako alikuwa ananikatia nusu," akasema, akiangalia ugali. "Kila kuku. Akimaliza kula anakuja jikoni kama anatafuta maji ya kunawa, ananipatia. Nyinyi hamkuwahi kujua."

Niliikata kwa meno, maana kisu hakikuwapo, nikamwekea nusu kiganjani. Aliitafuna muda mrefu, macho yamefungwa. Kisha akavuta sinia upande wake, akachukua paja, akaniambia niache kulia nipitishe chumvi.