Yakobo Chini ya Dirisha

Nimerudi Nchelenge wakati ziwa limefungwa. Kama ulikulia kando ya Ziwa Mweru, huku Zambia, unajua maana yake, na kama hukukulia huku nitakueleza: mvua zinaposhika, serikali inakataza kuvua ili samaki wazaliane, na mji unaoishi kwa samaki unanyamaza kama nyumba yenye mgonjwa. Mitumbwi imepinduliwa mchangani. Hakuna injini zinazokohoa alfajiri, wala wanawake wanaogombea mabeseni ya chisense, wale dagaa wetu wadogo wanaong'aa kama vipande vya bati. Kuna mvua, kuna maembe, na kuna watu waliokaa vibarazani wakitazama maji yaliyojaa chakula wasichoruhusiwa kukichukua.

Niliposhuka garini pale sokoni Kashikishi, harufu ya mihogo iliyoloweshwa ilinipokea kabla ya mtu yeyote. Nikawa mtoto tena, na nikamkumbuka Yakobo. Usicheke. Wengine harufu ile huwakumbusha mama zao. Mimi hunirudishia Yakobo mwana wa Isaka, kwa sababu maisha yake tuliyasoma sebuleni kwa bibi, katika miezi ya ziwa kufungwa, baba yangu akiwa amekaa nje chini ya dirisha.

Bibi yangu mzaa mama, ambaye sisi watoto tulimwita kambo, yaani bibi kwa lugha ya kwao, alikuwa na nyavu zake na mitumbwi yake, na sauti iliyofika mtumbwini kabla mtumbwi haujafika ufukweni. Alivuka kutoka upande wa Kongo akiwa msichana. Kibemba alikitumia kwa majirani, Kiswahili kwa biashara, kwa Mungu na kwa kutugombeza. Mimi nilibeba jina lake, kwa hiyo hakuniita mjukuu. Aliniita Majina, kama huku wanavyoitana watu wa jina moja, na nililala chumbani kwake, upande wa ukutani, mahali ambapo hata kugeuka ilibidi nimwamshe.

Baba alivuka baadaye, wakati wa vita. Alifika na kafi mkononi na shati mwilini, basi. Bibi alimpa kazi kwenye mitumbwi, na baba akampenda binti wa mwenye mitumbwi. Wakaoana. Sasa, kwa watu wa pande zote mbili za ziwa letu, mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Haingii nyumbani mwake, hali mbele yake, hasemi naye ana kwa ana, mpaka siku ukoo wa mke utakapompikia na kumwingiza rasmi. Ndipo anakuwa mtoto wa nyumba, na ndipo anaweza kuomba ruhusa ya kumchukua mke wake kwenda kwao.

Siku hiyo haikuja. Kwanza bibi alisema jiko jipya lijengwe, likajengwa. Kisha alitaka shamba la mihogo, na baba akalima. Lakini mihogo ya kwetu haina haraka, inaweza kukaa ardhini misimu miwili, na mtu hawezi kuondoka akaacha alichopanda. Ilipokomaa tukaing'oa, tukaimenya, tukailowesha, tukaianika juu ya mawe, na wakati huo huo baba alikuwa tayari ameshapanda vijiti vipya pembeni. Nyumba yetu ndogo ilikuwa nyuma ya nyumba ya bibi. Mama alikuwa akipita katikati ya uwanja na sufuria, na hakuwahi kusema yuko upande gani.

Mjumbe nilikuwa mimi. "Majina," bibi alikuwa akisema, ameketi hatua chache tu kutoka dirishani, "ambia ule mutu wa inje mvua inakuya, atoshe nyavu kwa kamba." Baba alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo alingoja mpaka nitoe kichwa dirishani nimrudie yote, ndipo ajibu: "Umwambie kambo nyavu ziko ndani tangu asubuyi." Nikageuka nikamwambia bibi, ambaye naye alikuwa amesikia. Siku za mvua kubwa, bati likipiga kelele, nilipaza sauti hadi koo likauma. Nilidhani kila mtoto duniani hufanya kazi hiyo.

Masomo yalikuwa Jumapili baada ya chakula. Ziwa likifunguliwa, wanawake wenye nyavu hawana Jumapili, lakini likifungwa wana muda mpaka unawachosha. Walijaza sebule ya bibi na vitenge vilivyolowa na harufu ya samaki isiyotoka hata kwa sabuni. Tulikunywa munkoyo, togwa letu la mahindi na mizizi, kwenye vikombe vya plastiki. Mwalimu wa kanisa alikuja na baiskeli, suruali imekunjwa mguu mmoja, Biblia ndani ya mfuko wa sukari. Mwaka ule alikuwa ameamua tumsome Yakobo kutoka kuzaliwa hadi kufa. Na nje, mgongo ukutani, chini ya dirisha, baba alishona nyavu. Alikuwa amekaa pale misimu mingi kiasi kwamba ukuta wa udongo ulikuwa na alama ya mgongo wake, laini na nyeusi kama mpini wa jembe la zamani.

Yakobo alipovuka Yordani na fimbo tu, nilichungulia nje. Baba alikuwa ameinua macho, akitazama kafi lake lililochomekwa chini ya paa.

Kwa Labani ndipo mambo yalipoharibika. Mwalimu alikuja amejiandaa kutuonyesha mtu mwovu: mjomba aliyemtumikisha mtoto wa dada yake miaka saba, akambadilishia bibi arusi gizani, akamtumikisha saba mingine. Alimaliza, akangoja tusikitike. Wanawake walitazamana.

"Mwalimu," alisema jirani yetu, mwanamke mnene aliyeuza maandazi na maneno, "sasa Labani alikosa nini?"

"Alimutumikisha, mama!"

"Ule kijana alifika na fimbo. Bakamulisha, bakamulalisha, bakamupa muke. Analima kwa bakwe. Weye haukulima kwa bakwe?"

"Nililima," alisema mwalimu.

"Ulimaliza lini?"

Mwalimu alikunja suruali vizuri. "Bado niko nalima."

Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Na kutoka chini ya dirisha kilitoka kicheko kingine, kizito, cha mtu aliyesahau kwamba hapaswi kusikika.

Bibi alikunja uso. "Majina, uliza ule mutu wa inje anacheka nini."

Nilitoa kichwa. Baba alinong'ona. "Anasema anakohoa, kambo."

"Umwambie akohoe polepole."

Nakuambia, sijawahi kusikia mahali pengine pote Labani akitetewa hivyo. Baadaye nimesoma mjini na watu waliosoma sana, na kila ukimtaja Labani wote wanamjua ni mnyonyaji. Mimi shingo hupata joto, kana kwamba wamemsema bibi. Kwa maana tulipofika pale Yakobo anapotoroka na wake na watoto wake, na Labani anamfukuza, anamkamata, anamwambia kwamba hawa mabinti ni wangu na watoto hawa ni wangu, bibi alipiga paja.

"Hapo! Soma tena, mwalimu. Hapo anasema kweli. Mutoto ni wa kwabo na mama. Hata Biblia inajua."

Wanawake wakaitikia, kwa maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mama, aliyekuwa mlangoni akichambua sombe, majani ya mihogo, hakuinua kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya kiti cha bibi na dirisha, na nilihisi nimeshikwa pande mbili, kama nguo inayokamuliwa. Nilijua habari ambayo kila mtu nyumbani aliijua. Mfanyabiashara mmoja wa samaki alikuwa ameleta neno kutoka ng'ambo: vita vimekwisha, watu wanajenga, na mama yake baba yuko hai ila hawezi tena kusimama. Anamuulizia mwanawe kila siku.

Basi baba hakunituma mimi. Sauti yake iliingia dirishani yenyewe, na wanawake wakashika midomo, kwa maana mkwe alikuwa anasema mbele ya mama mkwe.

"Mwalimu. Samahani kwa bote. Yakobo alikuwa na mama. Rebeka. Njo aliyemutuma kwa Labani, alimwambia akae siku kidogo tu. Alimuona tena mutoto wake?"

Mwalimu alilamba kidole akafunua kurasa. Akaenda mbele, akarudi nyuma. Mvua ilikuwa imepungua na tulisikia kila karatasi. Alituambia kwamba Yakobo anarudi, anamkuta baba yake, anamzika. Kwamba mlezi wa Rebeka anakufa njiani na kuzikwa chini ya mti. "Lakini Rebeka mwenyewe..." alisema, akafunua tena. "Rebeka hapa simuoni."

Bibi alikuwa anatazama mikono yake. Naye alikuwa na mama ng'ambo, zamani. Alivuka msichana, na hakuwahi kutusimulia kama alirudi.

"Tuombe," alisema. Ndivyo somo lilivyokwisha siku ile.

Wiki iliyofuata alichinja jogoo. Alipika mwenyewe, akamfukuza mama jikoni. Bukari, ugali wetu wa mihogo, aliusonga mpaka jasho likadondoka, sombe akaitia karanga, akatandika mkeka sebuleni. Kisha alikwenda mlangoni. Nilikimbilia dirishani kama kawaida, nikijiandaa kubeba maneno, naye akanishika bega.

"Wacha," alisema. Akainua sauti yake ya ufukweni, ingawa mtu mwenyewe alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. "Mukwe. Ingia."

Baba aliinama kupita mlangoni. Sijui kwa nini aliinama, mlango ulikuwa mrefu. Alikaa ukingoni mwa mkeka, akitazama vitu ambavyo alikuwa akivisikia tu kwa miaka: saa ya ukutani, picha ya babu, kabati la vikombe. Bibi alimnawisha mikono. Siku aliyoingizwa ndiyo ilikuwa siku ya kuruhusiwa kutoka, na wote tulijua, hata kuku pale sahanini.

"Enda kwa mama yako," bibi alisema. "Muke wako umubebe. Batoto, unajua ni ba kwetu, lakini bende nabo, bamuone nyanya yabo." Akamsogezea sahani ya kuku. "Majina anabaki na miye."

Baba alikuwa ameshika tonge. Lilikaa mkononi mwake hewani. Baba alinitazama, mara ya kwanza sisi wote tukiwa ndani ya chumba kimoja, na nikaona macho yake yanavuka ziwa, yanafika kwa mama yake, yanarudi kwangu. Nilitaka kumwambia aliweke chini. Nilikuwa nimezoea kusema maneno ya watu wengine, na pale nilipohitaji ya kwangu sikuyapata.

Alilila lile tonge.

Mwalimu alitufundisha baadaye kwamba Labani na Yakobo walirundika mawe, wakala chakula juu yake, wakapatana kuwa rundo lile liwe shahidi kati yao. Alieleza vizuri, akachora hata picha kwenye karatasi. Mimi sikuhitaji picha. Walipopanda boti ya abiria, wadogo zangu wakipunga mikono kama wanaokwenda sherehe, baba akalishika kafi lake la zamani ingawa boti ilikuwa na injini. Nilibaki mchangani mkono wa bibi ukiwa begani kwangu, mzito na wa moto. Nilijua mimi ndiye yale mawe.

Habari zilikuja na wafanyabiashara. Baba alimkuta mama yake hai. Nyanya aliishi akamwona, akamgombeza kwa kuchelewa, akafa msimu uliofuata. Mama alikuja kunitazama mara kwa mara, akarudi. Baba hakuja, alisema akija atashindwa kurudi bila mimi, na lile tonge alikuwa ameshalila.

Usidhani bibi alinitesa. Alinipenda kwa namna ya kunifunga: kitambaa kichwani nisipigwe na baridi, mlango kwa komeo, sahani ijae mpaka nishindwe. Masomo yaliendelea kila ziwa lilipofungwa. Siku moja nilitoka nikakaa chini ya dirisha, mgongo katika alama ya baba, iliyokuwa pana kuliko mimi. "Majina, mvua inakupiga," bibi aliita. Nikamjibu kwamba nasikia vizuri hapa. Hakunilazimisha. Baada ya wanawake kuondoka alikuja akasimama juu yangu, upande wa ndani.

"Labani nae alibusu bajukuu, akarudia kwake," alisema. "Iko imeandikwa. Lakini hakuna mutu anauliza alirudia namna gani."

Sikumwona uso. Niliona tu mikono yake imeshika kizingiti cha dirisha.

Nilikaa naye hadi alipokufa, nikaenda zangu, na nyumba ikauzwa na ndugu. Leo nimeitafuta kwa shida. Jiko alilojenga baba halipo, shamba limekuwa viwanja, wanawake wa nyavu wametawanyika, na mwalimu, naambiwa, alikufa bado analima kwa wakwe. Nyumba yenyewe imesimama, lakini wenye nyumba wapya wameipiga plasta na rangi ya kijani. Nilipapasa ukuta chini ya dirisha. Ulikuwa laini kote, na sehemu ile haikuwa na tofauti na nyingine. Nikakaa. Mgongo ulijua mahali.

Mvua ilianza kudondoka. Dirisha likafunguliwa juu yangu, na mwanamke mgeni, mikono yake ina unga, akatoa kichwa.

"Ee, mama! Uko nafanya nini inje na hii mvua? Ingia basi. Unakaa kama mukwe!"

Alicheka, nami nikacheka hadi machozi, na yeye akafikiri tunacheka kitu kimoja. Nilimwambia nakuja. Akafunga dirisha, nikasikia anatandika mkeka. Nikabaki pale kidogo, nikingoja nione kama nitaweza kuinuka.